Mafuta Baadaye

Swali la kwanza nililoulizwa siku yangu ya kwanza kwenye ukuta lilikuwa uzito wangu. Aliyeuliza ni Msimamizi wa Ukuta, Bwana Lukas, mzungu mrefu mwenye mikono myeupe ya unga wa chaki, na aliuliza kabla hata ya kunisalimu vizuri. Nilimtazama jinsi unavyomtazama mtu aliyekosa adabu mezani. "Bwana," nikamwambia, "kwetu mwanamke haulizwi hivyo." Akawa mwekundu mpaka masikioni. Kisha akanieleza kwamba anayeshika kamba chini lazima awe na uzito wa kutosha, la sivyo aliye juu akianguka, wa chini anapaishwa kama ndoo ya kisimani. Akanipima kwa macho na kusema, "Wewe unafaa kabisa." Nilikuwa nimeajiriwa mara nyingi maishani, lakini sijawahi kuajiriwa kwa sababu hiyo, na nakiri nilifurahi.

Wakati huo nilikuwa msafishaji wa vyumba katika hoteli moja mjini Doha. Mji mpya wa Lusail ulikuwa bado mchanga na winchi za ujenzi. Sisi tulikaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Wakenya na Waganda, vitanda vya ghorofa na jiko moja la kugombania. Karibu na hoteli kulikuwa na klabu ya michezo ya mwenye hoteli yuleyule, na ndani ya klabu kulikuwa na ukuta wa kupanda. Klabu ilitaka kufungua saa za wanawake, alasiri mbili kwa wiki, pazia likifungwa na wanaume wote wakitoka, msimamizi mwenyewe akiwemo. Basi alihitajika mwanamke wa kushika kamba. Mkuu wa Usafi, mama wa Kinepali ambaye hakuwahi kutabasamu mbele yetu, alipita kwenye foleni ya wafanyakazi, akanigusa bega na kusema, "Rose, wewe hutikisiki." Hivyo ndivyo nilivyoacha kutandika vitanda.

Vijana wa leo mnaona kuta hizi kwenye maduka makubwa, kwa hiyo hamshangai. Sisi ilibidi tufundishwe kila kitu. Ukuta ni mbao ngumu zilizotobolewa matundu mengi, na nyuma ya kila tundu kuna nati. Kwenye nati unafunga kishikio, yaani jiwe la plastiki ngumu lenye umbo lolote: kikombe, ukingo, tumbo la sufuria. Sisi tuliviita mawe tu. Mawe yenye utepe wa rangi moja ndiyo njia moja, na mpandaji anaruhusiwa kushika rangi yake peke yake. Anavaa mshipi wa kiunoni na mapajani, kamba inatoka kwake hadi juu kabisa, inapita kwenye chuma, inarudi chini kwa mshika kamba, ambaye anaipitisha kwenye breki ndogo iliyofungwa kwenye mshipi wake. Kabla mguu haujatoka chini, wawili hawa wanakaguana: mimi nashika fundo lako, wewe unashika breki yangu, kila mtu anavuta kwa nguvu. Bwana Lukas hakuwa na mzaha na jambo hilo. "Usimwamini mtu kwa uso," alisema. "Mwamini kwa fundo."

Yeye alitoka mji mmoja wa milima ya Alps. Alikuwa akiniambia kwamba kwao mtu akifunga ofisi anapanda basi la kawaida, na kituo cha mwisho cha basi hilo kiko chini ya mwamba. Karani, mwalimu, daktari wa meno, wote wanashuka na kamba mgongoni, wanapanda mpaka giza liingie, kisha wanarudi na basi lilelile. Kuna miamba ya watoto, miamba ya wazee, miamba ya kukaa siku mbili. Nilimwuliza, sasa wewe uliyetoka huko, umefuata nini Doha, nchi iliyolala kama chapati? Akacheka. "Kwetu kila mtu anajua kupanda," alisema. "Hakuna anayenihitaji."

Alikuwa amezunguka nchi nzima akitafuta mwamba. Kule jangwani Zekreet aliyaona mawe mazuri ya kupiga picha, lakini yanabomoka mkononi. Wenye shauku na magari walikuwa wakienda mpaka Oman siku za mapumziko. Waliobaki walikuwa na kuta chache za ndani, na wetu ulikuwa mmoja wa hizo. Mimi nilimwambia kwamba nimekulia karibu na majabali ya Lukenya, na kwamba utotoni nilikuwa nikiwaona watu wakining'inia kwa kamba siku za Jumapili. Sisi watoto tuliamini wamepoteza mbuzi. Bwana Lukas aliweka chini kikombe chake. "Umekulia chini ya mwamba," akasema, "na hujawahi kuugusa?" Nikasema nani angeniruhusu, na nguo zangu za kanisani?

Wateja wetu wa kwanza walikuwa mchanganyiko: wauguzi wa Kenya na Ufilipino, walimu wa Kizungu, wasichana wa chuo wa Kiarabu na wanawake wa Kikatari wachache. Mlangoni alikaa Nakato, askari wa Kiganda, aliyeapa kwamba mwanamume hatapita hapo labda amefariki. Kiongozi wa wale wanawake, ingawa hakuna aliyemchagua, alikuwa Umm Nasser. Alikuwa mjane mwenye wajukuu, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuamrisha. Daktari alikuwa amemwambia atembee. Yeye akasema kutembea ni kwa watu wasio na gari, akaja kupanda. Siku ya kwanza alifika urefu wa mlango akaning'inia hapo akicheka mpaka machozi. Siku zilizofuata alikuja kabla ya wengine wote.

Na alikuja akinukia. Kila mmoja alinukia, lakini Umm Nasser alikuwa na mafuta yake ya udi aliyoyachanganya mwenyewe kwa namna ya mama yake, na alikuwa akiwapaka wenzake viganjani wakiingia, kama salamu. Hewa ya Doha inakausha ngozi, hasa kwa viyoyozi vile, kwa hiyo wauguzi wetu nao walikuja na losheni, na mimi na vaselini yangu. Unga wa chaki ulikuwepo kwenye mfuko, lakini hakuna aliyeutaka. Unafanya mikono ipauke. Mama yangu alikuwa akinikagua miguu na mikono kabla sijatoka nyumbani, na mtoto aliyepauka alirudishwa ndani. Kwa hiyo niliwaelewa kabisa, na sikusema kitu.

"Wee Rose," Nakato aliniambia siku moja, "hawa wamama wananukia mpaka parking. Walinzi wa nje wanauliza tunapika nini."

Tatizo lilianza jioni, wanaume walipoingia baada yetu. Mwenyekiti wa Kamati ya Wanachama alikuwa mhandisi fulani, mpandaji hodari asiyependa kushindwa. Alileta wageni waone anavyopanda njia nyekundu, ile ngumu, na katikati ya safari jiwe lilimteleza, akaachia na kubaki akibembea mbele yao kama nguo kwenye kamba. Aliposhuka alinusa vidole vyake. Vilinukia udi.

Kesho yake niliitwa kwa Meneja wa Klabu, Mlebanoni wa suti na saa kubwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka simu isilie. "Roza," alisema kwa lafudhi yake, "mawe yanateleza. Kamati inasema ni saa za wanawake. Kabla ya Ramadhani natoa ratiba mpya. Mambo yakiwa hivi, alasiri hizo nawapa watoto wa sherehe za kuzaliwa, na wewe unarudi vyumbani."

Nilitoka pale sitaki kurudi vyumbani. Si kwamba kutandika vitanda ni aibu. Nimetandika vingi na nilivitandika vizuri. Lakini nilikuwa nimeshaona mwanamke aliyeogopa ngazi za nyumbani kwake akishuka kutoka juu ya ukuta ule akiwa mtu mwingine. Nilikuwa nimeshazoea kuitwa kwa jina nikiwa na kamba mkononi. Niliipenda kazi ile, na ndiyo mara ya kwanza nilipojua kwamba kazi yaweza kupendwa.

Bwana Lukas alinipeleka ukutani, akafungua jiwe moja na kuliweka chini ya taa. Liling'aa kama sahani iliyoliwa nyama. "Si wanawake tu," alisema. "Jasho, krimu ya jua, kila kitu. Kwetu mvua inaosha mwamba usiku na asubuhi uko safi. Hapa ndani mvua hainyeshi." Aligeuzageuza jiwe. "Siwezi kuingia saa zenu. Mikono yao ni kazi yako."

Nikafanya jambo ambalo ni Mkenya tu angelifanya bila kufikiri. Niliweka meza mlangoni, na juu yake beseni, birika la maji ya vuguvugu na sabuni, kama tunavyonawisha wageni nyumbani kabla ya chakula. Nikasimama na taulo begani. Kwetu hiyo ni heshima. Umm Nasser aliingia, akaona beseni, akaniona mimi na birika.

"Hii ni nini?"

"Tunanawa mikono kabla ya kupanda, mama. Mafuta yanafanya mawe yateleze."

Akaitazama mikono yake, ile aliyokuwa ametoka kuipaka. "Mikono yangu ni michafu?"

"Hapana, mama, si michafu, ila—"

"Khalas," alisema. Imekwisha. Akageuka, na wenzake wakageuka naye. Hata wauguzi wetu walibaki wakizubaa kidogo, kisha wakakumbuka wana zamu. Nakato aliniangalia, akaliangalia beseni. "Dada," alisema, "umewafukuza kwa maji ya moto."

Alasiri iliyofuata ukumbi ulikuwa mtupu. Nilikaa kwenye godoro la kuangukia nikiwa na mshipi kiunoni na hakuna wa kumshikia kamba. Meneja alipiga simu kutoka ofisini kwake akauliza wangapi wamekuja, nikasema bado. Alijua na mimi nilijua.

Nikawa natazama mikono yangu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimejipaka vaselini, kama kila asubuhi ya maisha yangu, na hakuna mtu angeweza kuniambia niifute nitoke barabarani. Hapo ndipo nilipoelewa nilichomwambia Umm Nasser. Nilikuwa nimemwambia mwanamke mzima, mbele ya wenzake, avue kitu ambacho mama yake alimvika.

Nilijua atarudi, kwa sababu viatu vyake vya kupandia vilikuwa kwenye kabati letu. Alirudi, amevaa uso wa kuja kuchukua chake na kuondoka. Safari hii hakukuta beseni. Alinikuta nimesimama mlangoni, mikono imejaa unga wa chaki mpaka kwenye viwiko, imepauka kuliko ya mfyatua matofali.

"Umm Nasser," nikasema, "mama yangu akiiona mikono hii atanichapa."

Alijaribu kutocheka. "Kwa nini umejifanya hivi?"

"Ndivyo inavyotakiwa juu ya ukuta. Nimejaribu peke yangu naona aibu. Kwetu mtu haonekani akiwa hivi." Nikamweleza yote bila kuzunguka: Mwenyekiti na vidole vyake, Meneja na ratiba, watoto wa sherehe, mimi na vyumba vya hoteli. "Nimekosea mahali pa kuweka mafuta," nikamwambia. "Yasiwe ya kuingia nayo. Yawe ya kutokea. Tupande tukiwa tumepauka wote, hakuna anayetuona, pazia limefungwa. Tukimaliza, tunanawa, na wewe unatupaka. Lakini meza ya mafuta haiwezi kuwa yangu. Mimi nina vaselini tu."

Aliuvuta mkoba wake begani. Kisha akaingia ndani, akanishika mkono hadi kwenye sinki, akafungulia maji yeye mwenyewe. Aliniosha mikono kama mtoto, akaikausha kwa shela yake, akatoa ile chupa ndogo na kunipaka kuanzia viganjani hadi kwenye viwiko, polepole, akilaumu jinsi ngozi yangu ilivyokuwa ngumu. Nilitaka kulia, na sijui kama ni kwa furaha au kwa kuwa tangu nitoke Kenya hakuna mtu aliyekuwa amenigusa kwa upole.

"Yallah, haya basi," alisema akifunga chupa. "Na yale mawe yenu yaliyoharibika?"

"Yataoshwa. Nitayafungua usiku—"

"Wewe peke yako? Una wazimu?"

Alasiri iliyofuata alikuja na wanawake wote, pamoja na beseni za nyumbani kwake na burashi na chupa kubwa ya chai ya karak. Nilifungua jiwe moja baada ya jingine kwa ufunguo wa pembe sita, nikiwa nimening'inia kwenye kamba, nikiyatupa kwenye mfuko wa turubai. Chini walikaa kwenye godoro, abaya zimewekwa pembeni, mikono ndani ya povu. Mmoja wa wale wasichana wa chuo alinung'unika kwamba nyumbani kwao hajawahi kuosha hata kijiko, na sasa anawaoshea wanaume ukuta wao.

Umm Nasser hakuinua kichwa. "Mimi simwoshei mwanamume yeyote," alisema. "Naosha jiwe langu."

Nilichokuwa nimesahau ni kwamba mawe yakitoka yote, njia zote zimekufa. Ukuta ulibaki mtupu kama nyumba iliyohamwa, na wanaume wangeingia jioni hiyohiyo. Bwana Lukas alikuwa nje ya pazia akitembea huku na huko. "Rose!" akaita. "Yarudishe! Utaweza!" Nikamwuliza yanarudi vipi. Akajibu kwa sauti ya kupitia kitambaa: "Panda kwa kichwa kwanza. Mkono wa kulia uko wapi? Mguu unataka nini? Upe mwili unachoomba, lakini usiupe upesi." Basi wanawake wakawa chini wakinirushia mawe yaliyokauka na kubishana. Weka hapa, hapana pale, huyu mfupi atafikaje? Tulipanga njia tukabandika utepe. Bwana Lukas alisema baadaye kwamba ni mara ya kwanza kusikia njia ikipangwa kama harusi.

Jioni Mwenyekiti alikuja. Nilikuwa nimebaki kufagia, nikamwona akisimama mbele ya ukuta asioujua. Alipanda njia yetu nyekundu akaanguka, akapanda tena akaanguka, na mara ya tatu akafika juu. Safari hii hakukuwa na mafuta ya kulaumu. Aliposhuka alimwuliza Bwana Lukas nani ameipanga, na Bwana Lukas akaonyesha upande wangu kwa kidevu. Mwenyekiti aliniambia, "Ile hatua ya katikati ni ya ukatili." Nikasema asante. Ratiba ilipotoka, alasiri zetu mbili zilikuwepo palepale, na Meneja akaandika pembeni kwamba siku ya kuosha, ukumbi utafungwa kwa wanaume. Simu yake iliacha kulia.

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu mpaka mwisho: mpangaji njia. Nilihamia makazi ya wafanyakazi kule Muaither, Bwana Lukas akarudi kwao baada ya miaka kadhaa akidai mgongo, wakaja wasimamizi wengine, wapole na wakali. Lusail ikaota majengo, na kuta mpya zikafunguliwa, nyingine nikaitwa kwenda kuzipanga. Njia zangu nilizipa majina ya kwetu: Lifti Mbovu, Foleni ya Maji, Mama Mkwe Amefika. Waliozipanda hawakujua maana yake na walizitamka kwa heshima kubwa. Siku ya kuosha haikukoma hata mara moja, wala meza ya mafuta. Wageni walikuja kwa ajili ya kupanda, lakini nadhani wengi walibaki kwa ajili ya meza ile.

Magoti yalipoanza kulalamika nilijua wakati umefika. Siku ya mwisho Umm Nasser, ambaye sasa alikuwa akipanda polepole na kushuka kwa maneno mengi, alinipaka kama siku ile ya kwanza, akanifungia chupa kwenye kitambaa. Hatukuagana kwa hotuba. Aliniambia ngozi yangu bado ni ngumu.

Sasa niko nyumbani, na nimetulia. Watu huniuliza kama sijutii miaka yote ya kupanga mawe ya plastiki nchi isiyo na mlima, huku majabali yakiwa hapa nyuma ya shamba. Sijutii. Nisingejua kuyatazama. Juzi nilienda Lukenya na wapwa zangu wawili wa kike, kamba begani. Nilinawa kwa maji ya chupa, nikapaka chaki, nikakagua fundo, nikaweka kiganja changu juu ya mwamba kwa mara ya kwanza maishani. Ulikuwa wa moto kwa jua na mkavu. Kidole changu kilitafuta tundu la nati, hakikuliona. Hakuna aliyeupanga na hakuna aliyeuosha ila mvua. Nilimkumbuka Bwana Lukas na basi lake, nikapanda kidogo, si mbali, kisha nikashushwa.

Pale chini alikuwa akipita jirani yangu Mama Mwikali, tuliyesoma naye, amebeba kuni. Alisimama akaniangalia viatu, akaniangalia mshipi, akaishia kwenye mikono yangu iliyopauka mpaka kwenye viwiko.

"Rose wa Mutua," alisema kwa huruma ya kweli, "miaka yote hiyo kwa Waarabu, na hata mafuta hukupata?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamtolea ile chupa, nikaifungua kidogo anuse. Alifumba macho. Alipoyafumbua alinyoosha kiganja apakwe, na mimi nikaifunga.

"Baadaye," nikamwambia. "Weka kuni chini. Nawa mikono kwanza."